Harambee Ilikuwa Wimbo: Kuchangishana na Kuhudumiana Katika Visiwa vya Lamu



Katika kijitabu hiki mtakuta ratiba ya leo, orodha ya nyimbo na shukrani za kamati. Kurasa hizi chache zimetengwa kwa historia. Kwaya inapofanya jubilei, kawaida huhesabu miaka, nyimbo, mashindano na walimu waliotufundisha sauti. Hayo ni mema na tutayasikia leo. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo hatuisomi mara kwa mara: tumechangiwa na nani, na sisi tumemchangia nani? Ili kuijibu vizuri tunapaswa kurudi nyuma na kuangalia namna watu wa visiwa hivi walivyochangishana na kuhudumiana, tangu kabla kanisa letu halijajengwa hadi siku hizi za kutuma mchango kwa simu.

Chombo hakivutwi na mtu mmoja

Neno harambee tumelizoea hata wengi wetu hudhani lilizaliwa serikalini. Limo katika nembo ya taifa na husikika katika kila mkutano wa hadhara. Lakini kabla ya kuwa neno la viongozi lilikuwa neno la watu wa kazi za nguvu, na hapa pwani lilitumiwa na mabaharia na wapagazi wakivuta na kuinua mizigo mizito.

Anayetaka kulielewa aende Matondoni siku chombo kinapopandishwa pwani. Jahazi linalotakiwa kukalafatiwa na kupakwa deheni haliwezi kutengenezwa likiwa majini. Husubiriwa maji yajae, magogo yakatandikwa, kamba zikafungwa, watu wakajipanga. Mmoja hutoa sauti, wengine huitikia, na ni katika ule mwitikio mikono yote huvuta pamoja. Anayevuta kabla ya mwitikio amejichosha bure. Anayevuta baada yake ni vivyo hivyo. Nguvu za watu ishirini zikitoka kwa nyakati ishirini, chombo hakitikisiki. Zikitoka kwa pumzi moja, kinapanda.

Sisi wanakwaya tunaielewa kazi hiyo kuliko wengi. Mwanzishaji anatoa mstari, sauti nne zinaitikia, na mtu wa besi hata akiwa na sauti ya kutetemesha mabati hana ruhusa ya kutangulia wenzake. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba harambee ilikuwa wimbo kabla haijawa pesa.

Tuangalie na jambo la pili. Pale kwenye kamba hakuna anayetajwa jina. Hakuna anayesimama juu ya kiti kutangaza kwamba fulani amevuta kwa nguvu za elfu kumi na fulani za mia moja. Mtoto aliyeshika ncha ya kamba na baharia mwenye mabega mapana wote wameshika kamba ile ile. Chombo kikipanda, kimepandishwa na wote.

Adabu ya kutoa tuliyoikuta hapa

Injili ilipofika upande huu wa kaskazini mwa pwani, ilikuta watu wanaojua kutoa. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi yao Ngao, kwenye Mto Tana, miongoni mwa Wapokomo, mwishoni mwa miaka ya 1880. Wakristo wengi waliokuja kuishi visiwani baadaye waliletwa na kazi: walimu, wauguzi, polisi, makarani na wafanyabiashara. Walipofika walikuta mji wa kale wenye taratibu zake, na ni haki tukiri kwamba taratibu hizo zimetufundisha mengi.

Wazee wa Kiswahili walikuwa na kikoa, ambapo watu hula pamoja kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, au kila mmoja akaleta chake pakapikwa chungu kimoja. Kulikuwa na wakfu, yaani mtu kutoa nyumba, shamba au kisima kiwe cha msikiti au cha watu wote, hata baada ya yeye kufa. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, takriban mwanzoni mwa karne ya 20, ulifungua mlango wa elimu kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Hadi leo, wakati wa Maulidi, wageni hufika Lamu kwa maelfu na mji mzima hushirikiana kuwapokea. Yeyote kati yetu aliyeishi mitaa ya Langoni au Mkomani ameona sahani zinavyopita kutoka mlango hadi mlango.

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama. Aliyetazama kwa juu aliona ngoma, mavazi na mashindano. Aliyekaa ndani alijua kwamba wanachama husaidiana kwenye harusi na kwenye msiba, na kwamba asiyechanga leo atakuja kuona haya kesho. Huko Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya wanawake waliokuwa katika vyama hivyo waligeuza umoja wao ukawa wa kushughulikia elimu na ustawi wa wanawake wa Kiislamu. Waliokuwa wamezoea kukusanyika kwa ajili ya wimbo walijikuta tayari wana viongozi, wana mweka hazina na wanaaminiana. Chama cha kuimba kilikuwa kimeshafanya nusu ya kazi ya chama cha kuhudumu.

Kuna pia desturi ya kutunza. Mwimbaji akigusa moyo wa msikilizaji, huyo huinuka na kumtunza. Desturi hii imeingia hata kanisani. Kwaya inapoimba vizuri, akina mama huja mbele kwa vigelegele na kuweka noti mkononi mwa mwanzishaji. Fedha hizo hazikuombwa wala hazikutangazwa, na hakuna kwaya inayoishi bila hizo. Ndiyo maana wahenga wa pwani walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwaka 1963 na miaka ya ujenzi

Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, Mzee Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, aliwaita Wakenya kujenga nchi kwa harambee. Serikali mpya haikuwa na fedha za kutosheleza kiu ya wananchi, na kiu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shule. Wazazi hawakungoja. Walichanga mawe, mbao, mabati na siku za kazi. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee nchini zilikuwa zimezizidi zile za serikali kwa idadi. Zahanati, visima, majosho ya ng'ombe na makanisa yalijengwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwetu Lamu historia hiyo inaonekana wazi upande wa bara. Mapema katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makazi kando ya Ziwa Mkunguya, ambalo sasa tunaliita Ziwa Kenyatta, na familia zisizo na ardhi zikaja kuanza maisha Mpeketoni. Msitu ulikuwa mkubwa, barabara ilikuwa shida, na hapakuwa na jirani wa zamani wa kumkimbilia. Katika hali kama hiyo mtu hujifunza haraka kwamba ng'ombe wa jirani akianguka kisimani ni shida ya kijiji kizima.

Harambee za kanisa za miaka hiyo wengi wenu mnazikumbuka. Baada ya ibada, meza hutolewa nje. Kuna kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kikapu cha maembe. Mnada unaanza. Mzee mmoja ananunua kuku, halafu anamrudisha mezani auzwe tena, na huyo kuku mmoja anauzwa mara nne kabla ya kupata bwana wa kudumu. Mjane aliyeleta mayai matano anapigiwa makofi sawasawa na mwenye duka. Na nyuma ya hayo yote kuna kwaya, kwa sababu mnada bila wimbo huchosha watu na watu wakichoka mifuko hufungwa.

Vyama vya utumishi kutoka mbali

Wakati huo huo dunia nyingine ya utumishi ilikuwa inakua mijini. Mwaka 1905 huko Chicago, Marekani, wakili Paul Harris alikusanya wenzake watatu wakaanzisha Rotary. Mwaka 1917, katika mji huo huo, Melvin Jones alianzisha Lions, chama ambacho baadaye kilijulikana sana kwa huduma za macho. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930, na klabu hiyo ndiyo ya kwanza katika Afrika Mashariki.

Huenda mtu akauliza, wafanyabiashara wa mijini wanaokutana kwa chakula cha mchana wanatuhusu nini sisi wa visiwani? Wanatuhusu kwa jambo moja la kuigwa, nalo ni uvumilivu. Mwaka 1985 Rotary iliahidi kusaidia kuwachanja watoto wa dunia nzima dhidi ya polio. Tarehe 25 Agosti 2020, miaka 35 baadaye, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba bara la Afrika limeondokana na kirusi cha asili cha polio. Njiani palikuwa na kuanguka na kuinuka. Mwaka 2013 ugonjwa huo ulijitokeza tena katika kaunti jirani yetu ya Garissa, kwenye kambi za Dadaab, na wachanjaji wakalazimika kurudi nyumba kwa nyumba. Wengi walioahidi mwaka 1985 hawakuwa hai siku ya tangazo. Walichoacha ni mazoea: kila mwaka, kila klabu, mchango ule ule kwa kazi ile ile.

Hapa Lamu pia tumeona mfano wa mtindo huo. Tangu mwaka 1987 punda wetu wanatibiwa bure katika kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza linaloendeshwa kwa michango ya watu wa kawaida. Bibi kizee wa kijiji fulani Uingereza, asiyejua Lamu iko wapi, anatoa pauni zake chache, na punda wa mbeba mawe wa hapa anasafishwa kidonda. Ikiwa mtu anaweza kumchangia punda asiyemwona, basi mwanadamu anayeishi ng'ambo ya mkono wa bahari hawezi kuwa mbali nasi.

Pale harambee ilipopotea njia

Historia isiyosema makosa ni tangazo tu. Kadiri miaka ilivyokwenda, harambee iliondoka kwenye kamba ikapanda jukwaani. Kiti cha mbele kikawekewa kitambaa, mgeni wa heshima akasubiriwa hadi saa nane, na bahasha zikawa zinasomwa kwa majina. Aliyetoa kidogo alianza kujificha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tawi la Kenya la shirika la Transparency International lilichunguza taarifa za harambee za miaka iliyotangulia na kuonyesha kwamba michango ya wanasiasa ilipanda uchaguzi ulipokaribia. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya maadili ya watumishi wa umma, iliyomkataza mtumishi kutumia ofisi au cheo chake kushinikiza watu kutoa harambee. Wengi tunakumbuka zile kadi za mchango zilizoletwa na chifu, ambazo hakuna aliyethubutu kuzirudisha tupu.

Makanisa nayo yamelazimika kujitazama. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari kuhutubia waumini. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa michango iliyotolewa na Rais katika kanisa moja la Soweto jijini, akaagiza fedha zirudishwe. Miongoni mwa fedha hizo zilikuwamo Sh600,000 zilizotolewa kwa kwaya na kwa chama cha watoto cha parokia. Tafadhali wapendwa, tusome sentensi hiyo mara mbili. Kwaya ilikuwamo. Kila linapotokea swali la fedha zinazoingia kanisani, kwaya huwa karibu, kwa sababu sisi ndio tunaoimba bahasha zinapopita.

Na sisi hatuna mikono mieupe kupita wengine. Wakubwa wa kwaya wanakumbuka harambee yetu ya kinanda. Mgeni mmoja alisimama akaahidi kumalizia bei yote iliyobaki. Tulipiga vigelegele, tukamwimbia wimbo ambao hatukuwa tumeupanga, tukamvisha leso. Kamati ikaamini, ikachukua kinanda dukani kwa mkopo. Ahadi haikufika. Simu zilipigwa, halafu zikaacha kupokelewa. Tulilipa deni lile kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa mahamri, viazi karai na chai vilivyouzwa baada ya ibada, na kwa mia mbili mia mbili za wanakwaya ambao wengine hawakuwa na kazi ya mshahara. Kinanda kinachopigwa leo ni kile kile. Aliyekilipia ni nyinyi, na ni haki lisemwe leo, kwa sababu siku ile tulimwimbia mtu mwingine.

Mtume aliyechukua tahadhari

Tukitaka kielelezo cha harambee iliyoendeshwa vizuri, hatuna haja ya kwenda Chicago. Mtume Paulo aliendesha mchango mkubwa kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Anautaja katika barua zake kwa Wakorintho na kwa Warumi, na anayetaka asome 1 Wakorintho 16, 2 Wakorintho 8 na 9, na Warumi 15.

Mambo manne yanaonekana pale. La kwanza, aliwaagiza watu waweke akiba kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, ili kusiwe na pilikapilika atakapofika. Hakutaka msisimko wa siku moja. La pili, aliwataja watu wa Makedonia, waliokuwa katika umaskini, kuwa ndio walioomba wenyewe nafasi ya kushiriki. La tatu, mchango ulivuka mpaka: makanisa ya watu wa mataifa yalikuwa yanawachangia Wayahudi, watu ambao wengi wao walikuwa bado wanawatilia shaka. Na la nne, Paulo hakubeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwe na wa kulaumu.

Yeye alikuwa mtume, na bado alitaka mashahidi. Basi mweka hazina wetu akiombwa risiti asiudhike. Anayeuliza hajamwita mwizi. Anamsaidia kubeba mzigo. Simu zetu zimerahisisha kutoa, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na siku hizi jina la aliyetuma huonekana papo hapo katika kundi la WhatsApp. Hilo limesaidia uwazi wa fedha zinazoingia. Uwazi wa fedha zinazotoka bado unahitaji daftari, kalamu na mkutano.

Mwaka tuliofungiwa usiku

Usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni 2014, watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mpeketoni, na usiku uliofuata wakavamia vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Mwezi Julai mashambulizi yakaendelea Hindi na Gamba. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku katika Lamu, na amri hiyo ilidumu kwa miezi mingi. Wavuvi wanaotegemea bahari ya usiku walikaa nyumbani. Mazoezi ya kwaya ya jioni hayangeweza kufanyika.

Hatutarudia majonzi yale katika siku ya shangwe, ila kwa kusema jambo moja. Wakati ule harambee haikuwa na mgeni wa heshima. Watu walichanga majeneza, nauli, unga, blanketi na ada za watoto waliobaki bila baba. Kulikuwa na majirani wa dini tofauti walioogopana, kwa sababu hofu haichagui. Na walikuwepo majirani wa dini tofauti waliogongeana milango kuulizana kama wamekula. Katika visiwa kama hivi, ambapo sisi Wakristo ni wachache na ndugu zetu Waislamu ni wengi, kuhudumiana ni ukuta unaotulinda sote. Ukuta huo hujengwa siku za amani. Siku ya hatari huwa haina nafasi ya kuchanganya saruji.

Kamba iliyo mbele yetu

Sasa tufike kwenye swali la leo. Sadaka ya jubilei itakusanywa, na Bwana akipenda itakuwa nzuri. Itumike vipi?

Mahitaji ya kwaya tunayajua. Sare zimechakaa. Spika moja inakohoa. Vijana wanaomba gitaa la besi. Hakuna anayesema mahitaji hayo ni ya uongo. Lakini tufikirie pia jirani yetu wa Kizingitini, wa Ndau au wa Kiwayu, anayeugua usiku. Kutoka Pate hadi hospitali ya Lamu ni safari ya mashua. Kwa miaka mingi Mkondo wa Mkanda, ule mwembamba unaopita katikati ya mikoko, haukupitika maji yakitoka, kwa hiyo mgonjwa alisubiri bahari. Msimu wa kusi ukivuma, njia ya nje haina huruma. Na hata maji yakijaa na upepo ukitulia, injini haiendi bila petroli, na petroli haiji bila pesa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hana muda wa kuitisha harambee.

Tayari wapo waliotuonyesha njia. Umra Omar, binti wa Lamu, aliyesoma Marekani akarudi nyumbani, alianzisha Safari Doctors katikati ya miaka ya 2010, na waganga wake wamekuwa wakisafiri kwa chombo kila mwezi kwenda vijiji vya mbali hadi karibu na mpaka wa Somalia, wakitoa chanjo, huduma za wajawazito na matibabu bila malipo. Mwaka 2016 alitajwa na shirika la habari la CNN miongoni mwa mashujaa wake kumi wa mwaka. Hatujaitwa kuanzisha kazi kubwa kama hiyo. Tunachoweza ni kushika kamba mahali ambapo mikono imepungua.

Pendekezo tunalolileta kwenu ni dogo na linaeleweka. Sehemu ya kumi ya sadaka ya jubilei, na kuanzia mwaka huu sehemu ya kumi ya kila tunza ambayo kwaya itapokea, iwekwe kando iwe mfuko wa mashua: kununulia mafuta ya kumvusha mgonjwa asiye na uwezo, awe Mkristo au Mwislamu, Mbajuni, Mpokomo, Mkikuyu au yeyote yule. Mgonjwa asiulizwe anasali wapi. Mfuko usimamiwe na watu watatu, mmoja wao asiwe mwanakwaya. Na daftari lake lisomwe mbele ya ushirika kila baada ya miezi mitatu, yaliyoingia na yaliyotoka, bila kutaja jina la aliyetoa wala la aliyesaidiwa.

Wapo watakaosema ni kidogo. Ni kidogo kweli. Wapo watakaosema tungoje kwanza tumalize sare. Tukumbuke kwamba sare hazimalizwi. Zikipatikana za mwaka huu, zitachakaa mwaka kesho kutwa. Na wapo watakaosema kazi hiyo ni ya serikali. Ni kweli pia, na tuendelee kuidai serikali ya kaunti kila siku. Lakini mgonjwa aliyelala juu ya mkeka kwenye gati ya Mtangawanda hawezi kungoja mjadala huo umalizike.

Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, jubilei ilianza kwa baragumu. Watu wa pwani hii wanaelewa jambo hilo, maana Pate walikuwa na siwa yao ya pembe na Lamu siwa yao ya shaba, na zilipopulizwa kila mtu alijua kuna jambo. Lakini katika sheria ile ya Musa baragumu ilikuwa mwanzo tu. Baada ya mlio, aliyekuwa mtumwa alirudi kwa watu wake na aliyepoteza shamba alirudishiwa. Jubilei iliyokoma kwenye mlio haikuwa jubilei.

Leo tutaimba, na tutaimba vizuri. Baada ya chakula, mkutano wa kwaya na ushirika utafanyika hapa hapa kanisani, na pendekezo hili litaletwa mbele yenu mlikubali, mlirekebishe au mlikatae. Msiondoke kabla ya hapo. Mwanzishaji ameshatoa sauti, na kamba imelala mchangani mbele yetu.

Mungu aibariki kwaya yetu, ayabariki makao yote ya visiwa hivi, na awalinde wote walio baharini. Amina.